Maumivu ya Mtoto Baada ya Upasuaji

Mtoto anayeondolewa kidole tumbo siku hizi si lazima arudi nyumbani na kovu refu. Katika hospitali zenye vyombo vyake, daktari hutoboa matundu madogo, aghalabu matatu, akapitisha kamera na mikasi myembamba. Maumivu hupungua, lakini hayakosi. Hata bega laweza kumwuma, kwa kuwa tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili daktari apate kuona ndani. Mzazi asishtuke.

Je, apewe dawa gani? Kwa miaka mingi watoto wengi walipewa dawa za jamii ya afyuni, kama mofini na kodeini. Dawa hizi zina nguvu, na zina mahali pake. Lakini huleta kichefuchefu, hufunga choo, na zikizidi hufifiza pumzi. Kodeini ina hatari ya pekee: ini huigeuza kuwa mofini, na wapo watoto ambao miili yao huigeuza kwa kasi mno. Kipimo kinachomtuliza mmoja chaweza kumkatia mwingine pumzi usingizini. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba kodeini na tramadoli zisitumiwe kutuliza maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12.

Njia iliyo salama zaidi yaanzia chumba cha upasuaji: daktari huchoma ganzi kwenye vidonda. Kisha mtoto hupewa parasetamoli, pamoja na ibuprofeni daktari akiridhia, kwa saa maalumu katika siku za mwanzo, bila kungoja alie. Maumivu yakikwisha kupanda, kuyashusha ni kazi. Dawa kali hubaki akiba.

Mzazi naye ana wajibu. Kabla ya kutoka hospitali, uliza jina la dawa, kipimo kulingana na uzito wa mtoto, na saa za kumpa, uandike. Usimpe vidonge vilivyosalia vya mtu mzima. Wala usimnyime dawa kwa kudhani kwamba kuvumilia ni ushujaa: mtoto mwenye maumivu huogopa hata kukohoa na kutembea, na kupona kwake huchelewa.

Maumivu yakizidi, au akipata homa, akitapika au tumbo likivimba, mrudishe hospitali. Akilala usingizi mzito asioamshika, au pumzi zikawa chache, usingoje kupambazuke.