Kiti na Jina la Fundi Wake

Ni ada ya matajiri wa ulimwengu siku hizi kuuza kiti pamoja na jina la aliyekibuni, hata mnunuzi, kabla hajajua kama kinakalika, huarifiwa kwamba hiki chenye mbao nyekundu na buluu zilizopishana ni cha Gerrit Rietveld wa Uholanzi, na kile cha plastiki kilichojipinda, kisicho na miguu ya nyuma, ni cha Verner Panton wa Denmaki. Sina ugomvi na ada hiyo. Ninalolalamikia ni kwamba sisi twaishi katikati ya kazi za ustadi kama huo tukizidhania kuwa zimeota zenyewe.

Mpita njia aendaye Rutshuru kutoka Goma, afikapo Kanyaruchinya katika mawe meusi ya mlima wa moto Nyiragongo, aweza kuona viti vya namna mbili. Kimoja ni kile cha plastiki cha kipande kimoja, cha baa, cha kanisani na cha matangani, ambacho twakidharau ilhali nasaba yake yajulikana: Mfaransa Henry Massonnet ndiye aliyetoa mwaka 1972 kiti kilichoitwa Fauteuil 300, mashine ikikimaliza kabla ya dakika mbili kutimia, na viwanda vya dunia nzima vikamfuata. Cha pili ni cha mbao mbili. Ubao wa mgongo, mrefu na mzito, hutobolewa tundu pana upande wa chini; ubao wa kukalia, uliochongwa ukawa mwembamba mkiani, hupenyezwa humo, na uzito wa mwenye kukaa ndio unaozikaza zote mbili, pasipo msumari wala gundi. Atakapo kuhama, huuchomoa mmoja, akaulaza juu ya mwenziwe, akajitwika. Mahali walipokimbilia maelfu ya watu kwa sababu ya vita mwaka 2012, na tena mwaka 2022, sifa hiyo si ndogo. Lakini ni nani aliyeiwaza hila hiyo? Hakuna aulizaye, kama vile ambavyo Goma iliisimamishia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu bila kumtaja aliyeitengeneza ya kwanza.

Wako watakaosema kwamba kazi za wahenga hazina mwenyewe, kwamba ni mali ya kabila. Hoja hiyo ilikwisha kuvunjwa katika nchi hii hii. Mbelgiji Frans Olbrechts, akipanga maonyesho ya sanaa ya Kongo mjini Antwerp mwaka 1937, alivitazama vigoda vya kichifu vilivyobebwa na sanamu ya mwanamke, akatambua katika baadhi yake mkono mmoja: uso mrefu, mashavu yaliyobonyea, vidole vikubwa vilivyopokea kiti kwa taadhima. Kwa kuwa viwili vilihusishwa na kijiji cha Buli, kaskazini ya Katanga, fundi akaitwa Bwana wa Buli. Na miaka mingi baadaye ndipo likapatikana kwa Wahemba, watu wa eneo hilo, jina la Ngongo ya Chintu. Wengine hushikilia kwamba ni karakana nzima na si mtu mmoja. Na iwe hivyo. Karakana nayo ina watu, na watu wana majina.

Na wako leo wasioficha majina yao: Jomo Tariku, Mhabeshi aliyezaliwa Kenya, amebuni kiti kiitwacho Nyala, ambacho mgongo wake wafuata pembe za mnyama huyo wa milima ya Ethiopia, na kila kinapoonyeshwa jina la Tariku huenda nacho. Seremala wetu hahitaji jumba la makumbusho kwa hilo. Chuma cha moto na herufi tatu chini ya kiti zatosha, na gazeti au redio ya mjini yaweza kuanza daftari la alama hizo.

Fundi mmoja niliyemshauri hivyo alicheka, akasema alama itamleta mtoza ushuru, na, lililo baya zaidi, mteja ambaye kiti chake kimevunjika. La ushuru nalikubali kuwa ni udhuru. Hilo la pili ndilo hasa linalonifanya niitake alama hiyo.