Haki ya Njia Mbele ya Rumonge
Na Bin Tanganyika

Majira ya kiangazi, tangu mwezi wa Mei hata Septemba, upepo wa kusini-mashariki huliingia Ziwa Tanganyika kwa urefu wake. Na kwa kuwa ziwa hili lina kilomita 673 toka ncha hata ncha, nalo limekaa baina ya milima ya Burundi na Tanzania na milima ya Kongo, upepo huo hupata uwanja mrefu wa kuyakusanya mawimbi, na hata yafikapo mbele ya Rumonge, mji wa pwani ya Burundi, huwa yamekwisha kupata nguvu ya kumtisha mgeni aliyedhani kwamba maji matamu ni maji mapole.

Fauka ya upepo huo mkuu, kuna pepo za kila siku, na hizo ndizo za kusomwa kwa makini na kila apandaye ubao wa tanga. Adhuhuri, nchi kavu ikishapata moto, upepo hutoka ziwani kuja pwani, nao ni wa salama, maana ukimshinda mtu humrudisha ufuoni. Usiku hata alfajiri hugeuka, ukashuka milimani na kuelekea magharibi. Na atokaye kwa upepo huo, akiona maji ya karibu yametulia kwa kukingwa na ardhi, hughafilika asijue kwamba anasukumwa upande wa Kongo, katika ziwa ambalo kilindi chake kikubwa hufikia mita 1,470. Ama dhoruba za radi za majira ya mvua, dawa yake ni kutoka majini mapema.

Lakini ninalolitaka hasa leo ni adabu. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zimeamuru kwamba vyombo viwili vya tanga vikikutana, kinachopigwa na upepo ubavu wa kushoto kikipishe kile kingine. Na vikipigwa ubavu mmoja, kilicho juu ya upepo kikipishe kilicho chini. Kisha zikaamuru kwamba chombo cha tanga kikipishe chombo kinachovua. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini sijui insafu iliyo bora kuliko hiyo ya mwisho kwa mahali kama Rumonge, ambapo mvuvi ndiye mwenyeji wa maji.

Magharibi inapokaribia, hasa usiku usio na mwezi, wavuvi wa ndagala hutoka na mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti, wakawasha taa, wakashusha wavu chini ya nuru inayowavuta samaki. Chombo chenye wavu majini hakiwezi kugeuka upesi, na mtu aliyekaa karibu na taa haoni kilicho gizani. Basi ubao usio na taa unaopita hapo wakati huo ni hatari kwa aliye juu yake na dhuluma kwa anayetafuta riziki. Alfajiri watu hao hurudi wamechoka, nao wanawake wanawangojea wapate samaki wa kuanika, na ufuo wa kuanikia ndagala si mahali pa kuburuzia matanga.

Huko Paje, Unguja, ambako wanawake walianza kilimo cha mwani mwaka 1989, wacheza upepo walikuja baadaye, wakawa wanagombania na wakulima maji yale yale. Sisi tungali na nafasi ya kupatana kabla mchezo haujawa biashara kubwa. Wenye hoteli za pwani ya Bujumbura hata Rumonge, wakitaka kukodisha mbao, na wakae kwanza na wakuu wa mialo, wakubaliane saa za mchezo, yaani tangu adhuhuri hata kabla mitumbwi haijatoka, na njia ya vyombo iachwe wazi.

Kuna jambo jingine linalonikera moyo. Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili tangu 15 Mei hata 15 Agosti 2024, ili samaki wazaane. Na miezi hiyo ndiyo ya upepo mzuri kuliko yote. Palipo na amri kama hiyo, mvuvi hukaa nchi kavu akitazama wengine wakistarehe katika maji aliyokatazwa. Hapo pana fursa ya haki: mitumbwi yake ikodiwe kuwalinda wacheza upepo, naye alipwe ujira kamili kwa kazi hiyo, kwa kuwa ndiye aujuaye upepo wa ziwa hili na mahali unapomfikisha mtu aliyepotea.