Kabla hujamfukuza dada wa kazi, kagua saa ya kamera

Kamera za ulinzi si mali ya matajiri peke yao tena. Pita mitaa ya Sumbawanga, kuanzia Majengo na Chanji hadi Katandala na Kizwite, utaziona getini, uani na hata sebuleni. Mzazi anayeshinda sokoni, ofisini au shambani anafungua simu na kuona kama mtoto ametoka shule na amekula. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba fundi akishafunga kamera na kulipwa, wengi wetu hatuangalii tena zile namba ndogo kwenye kona ya picha. Namba hizo ni tarehe na saa, na zikikosewa zinaweza kumponza mtu asiye na kosa.

Chukua mfano huu. Baba yuko safarini Mbeya, mama ni muuguzi na yuko zamu ya usiku, watoto wako na dada. Asubuhi baba anafungua simu na kuona dada akimfungulia geti mwanamume. Kona ya picha inasoma Jumatano, 02:10. Saa nane na dakika kumi usiku, watoto wamelala! Anapiga simu kwa hasira, na kabla ya chai dada ameshafungashiwa mizigo yake. Ukweli ni kwamba ilikuwa Jumanne, saa tatu na dakika kumi usiku, na mwanamume yule ni bodaboda aliyetumwa na mama kuleta dawa ya mtoto. Picha ilikuwa ya kweli. Saa ndiyo iliyodanganya.

Kosa hilo la saa tano lina sababu. Kamera nyingi tunazonunua zimetengenezwa China, ambako saa ni GMT+8. Tanzania ni GMT+3. Kamera ikiachwa na mpangilio wa kiwandani inatangulia saa tano, na kila ikifika saa moja usiku kwetu, yenyewe inaandika tarehe ya kesho.

Tambua ugonjwa kwanza

Weka simu yenye saa sahihi karibu na picha ya kamera, kisha linganisha.

Kamera ikitangulia saa tano kamili, tatizo ni saa za eneo, kama tulivyoona.

Ikionyesha mwaka 1970 au 2000, imepoteza kumbukumbu ya saa. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulinunuliwa kutoka Zambia, na kukatika kwake si jambo geni kwetu. Kisanduku cha kurekodia kina betri ndogo ya duara inayotunza saa umeme ukiondoka. Betri hiyo ikichoka, kila umeme unapokatika saa inaanza upya. Kamera ndogo za Wi-Fi mara nyingi hazina betri hiyo kabisa. Zinasubiri intaneti irudi ndipo zijue saa, kwa hiyo bando likiwa limekwisha zitabaki gizani.

Ikichelewa saa moja kamili, kumbuka ulikuwa wapi mara ya mwisho ulipogusa mipangilio. Zambia iko GMT+2, saa moja nyuma yetu. Ukiwa Kasesya au Kasanga, simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo na kujirudisha nyuma. Ukibonyeza kamera ifuate saa ya simu wakati huo, nayo itarudi nyuma.

Ikitangulia saa moja kamili, huenda kuna kitufe cha 'DST' kimewashwa. Hicho ni cha nchi zinazosogeza saa mbele majira ya joto. Tanzania hatufanyi hivyo, kizime.

Ikikosea dakika chache tu, saa yake inakwenda haraka au polepole. Inahitaji kuunganishwa na saa ya intaneti.

Usirekebishe kabla ya kuhifadhi

Kubadilisha saa leo hakurekebishi picha za jana. Zile za zamani zitabaki na saa yake yenye makosa. Tena, katika baadhi ya visanduku, ukirudisha saa nyuma picha mpya zinaingiliana na za zamani na kuzitafuta kunakuwa kazi.

Kwa hiyo, kama kuna tukio unalifuatilia, nakili video hiyo kwanza kwenye simu au flashi. Kisha piga picha moja inayoonyesha saa ya simu na saa ya kamera kwa pamoja, uandike tofauti yake. Hiyo ndiyo itakayokusaidia kujua saa halisi ya tukio.

Namna ya kurekebisha

Anza na simu. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, iache ijiweke yenyewe, hakikisha saa za eneo ni za Afrika Mashariki, GMT+3.

Kwa kamera ya Wi-Fi, fungua programu yake, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, tafuta 'Time Zone'. Chagua Dar es Salaam. Usipoiona, chagua Nairobi, saa ni ileile. Zima 'DST', hifadhi, kisha toka na uingie tena uone kama saa imeshika.

Kwa kisanduku cha kurekodia, tumia kipanya na skrini. Weka GMT+3, kisha washa 'NTP', ambayo huchukua saa sahihi kutoka intaneti kwa bando dogo sana. Penye nafasi ya anwani unaweza kuandika pool.ntp.org. Kama kamera zako zinatumia mtandao, mwulize fundi kama kila kamera ina saa yake, maana kisanduku kinaweza kuwa sahihi na kamera ikabaki na makosa.

Betri ikiwa imechoka, mwite fundi aibadilishe huku kisanduku kimechomolewa ukutani. Nyingi ni aina ya CR2032, ileile inayotumika kwenye kompyuta za mezani.

Mwisho, angalia mpangilio wa tarehe. 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini kwa mpangilio wa Kimarekani ni Machi 4. Chagua siku ianze.

Kusoma nako kuna makosa

Kamera haihesabu saa kwa Kiswahili. 02:10 si saa mbili, ni saa nane usiku. 20:00 ndiyo saa mbili usiku, na 07:00 ni saa moja asubuhi. Pia kamera hubadilisha tarehe saa sita usiku, kwa hiyo ukimwuliza dada habari za 'usiku wa Jumanne', mwambie wazi unasema usiku wa kuamkia siku gani.

Usisahau jua. Kwa kuwa tuko magharibi, jua la Sumbawanga huzama karibu nusu saa baada ya la Dar es Salaam. Kamera ikiandika 20:00 na uani kuna mwanga wa jua, usibishane na jua.

Ikifika polisi

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini mahakama hupima kama namna ulivyotengenezwa na kutunzwa inaaminika. Video ya mwizi yenye tarehe ya mwaka 2000 inampa wakili wake pa kuanzia. Ndiyo maana ile picha ya saa mbili kwa pamoja ni muhimu kuitunza.

Nyumbani hakuna wakili. Mtoto aliyedaiwa kurudi usiku, au binti aliyetoka kijijini Nkasi kuja kukulelea wanao, hana wa kumtetea mbele ya simu yako. Ukiona jambo la kukushtua, linganisha saa kwanza, kisha uliza kwa utulivu, 'Jana nani alikuja?' Mara nyingi jibu litafanana na picha, na kinachobaki ni saa ya kurekebisha.

Jiwekee utaratibu: kila tarehe mosi, na kila umeme unaporudi baada ya kukatika, simama mbele ya kamera na simu mkononi ulinganishe. Ni kazi ya dakika moja.