MAONI: Fedha ya mavuno isilale bure

Ngano, mahindi na maharage ya Basotu yakishauzwa, mfanyabiashara hubaki na fedha ambayo hataigusa mpaka msimu wa kulima, atakapohitaji mbegu, mbolea na dizeli ya trekta. Wengi huigeuza ng'ombe mnadani au huifungia sandukuni. Ng'ombe ni akiba ya heshima, lakini kiangazi kikikaza hukonda, na kila mwenye shida huuza siku ile ile, bei huanguka. Ya sandukuni huliwa na mfumuko wa bei, kama mwizi hakuiwahi.

Ipo njia nyingine: soko la fedha la muda mfupi. Tangu 1993 Benki Kuu huuza kwa mnada dhamana za Serikali zisizozidi siku 364. Mnunuzi hulipa pungufu ya thamani iliyoandikwa, na zikiiva hupokea thamani kamili. Kianzio ni Sh. 500,000. Asiyetaka usumbufu wa mnada anao Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ulioanza 2013. Hukusanya fedha za wengi na kuziweka katika dhamana na amana za benki. Anayetaka kutoa hulipwa baada ya siku chache za kazi.

Tupige hesabu ya mfano. Sh. milioni 10 katika amana ya muda maalumu, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, kwa miezi minne huzaa Sh. 300,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ikikatwa, zinabaki 270,000. Si utajiri, lakini si haba.

Tahadhari zipo. Anayevunja amana kabla ya muda hupoteza riba. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano, ikiwamo Meru Community Bank, na kinga ya bima ya amana wakati huo ilikuwa Sh. milioni 1.5 tu. Mwaka 2023 ilipandishwa hadi milioni 7.5. Vipande vya mfuko havimo katika bima hiyo.

Ushauri wetu: fedha ya mzunguko ibaki katika akaunti ya kawaida, ya kilimo iende Ukwasi au kwenye amana, ya ziada ndiyo inunue ng'ombe. Na kabla ya kutia sahihi, tazama tarehe ya kuiva. Amana inayoiva baada ya mvua za kupandia haimsaidii mkulima.