Nani alimwingiza mhubiri kwenye simu ya shangazi?

Wiki hii nilitaka kuandika juu ya hifadhidata, lakini yamenikuta mambo Mwatate na siwezi kunyamaza.

Shangazi alinipa simu yake nimwangalizie kwa nini bando linaisha haraka. Nikafungua YouTube. Loo! Alama ya mnyama, serikali moja ya dunia, Bill Gates na sindano yake. Wamarekani wanaofoka, kisha wenzetu wanaorudia yale yale kwa Kiswahili. Nikamwuliza, "Shangazi, haya uliyatafuta?" Akasema, "Hapana mwanangu, yanakuja yenyewe." Halafu akaniambia mjukuu wake hatachanjwa surua.

Yanakuja yenyewe! Mimi nala kwa kuandika programu, na nawaambia hakuna kitu kinachokuja chenyewe. Mtu alikaa akaamua mashine ipime nini. Mwaka 2012 YouTube iliacha kutanguliza idadi ya mibofyo ikatanguliza muda wa kutazama. Mwaka 2018 mkuu wao wa bidhaa, Neal Mohan, alisema zaidi ya asilimia 70 ya muda huo unatokana na video ambazo mashine imependekeza. Sasa nani hukushika dakika arobaini, muuguzi anayeeleza chanjo au mtu anayekuambia kuna siri umefichwa? Guillaume Chaslot, mhandisi aliyefanya kazi kwenye mashine hiyo hiyo, alipiga kelele kuhusu jambo hili miaka mingi. Programu haina hitilafu, wandugu. Inafanya ilichoagizwa.

Alex Jones wa Texas aliwaambia watazamaji kwamba mauaji ya shule ya Sandy Hook ya mwaka 2012, watoto 20 na watu wazima 6, yalikuwa maigizo. YouTube ilimfukuza Agosti 2018. Miaka hiyo yote katikati alikuwa anahesabiwa dakika. Mwaka 2022 mahakama zikamwamuru azilipe familia karibu dola bilioni 1.5.

Najua kuna atakayesema hayo ni ya Wazungu. Haya, toka hapa Voi, ingia Tsavo Mashariki, fuata mto Galana utokee lango la Sala. Ukiendelea na barabara hiyo kuelekea Malindi, Shakahola haiko mbali. Mwaka 2019 Paul Mackenzie alikamatwa kwa kuhubiri kwamba Huduma Namba ni ya Shetani. Mahubiri yake yalibaki YouTube, ya kila aina, dhidi ya shule na hospitali. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mingi ya watoto. Yeye amekana mashtaka na sheria ina njia yake. Mwaka 2025 wakafukua tena mingine zaidi ya 30, Kwa Binzaro, kule kule.

Kinachoniudhi zaidi kama mtu wa kompyuta ni hiki: Huduma Namba ilikuwa na maswali ya haki kabisa! Nani analinda alama za vidole zetu? Watu wa Nubian Rights Forum walikwenda mahakamani wakiwa na maswali hayo, na Januari 2020 majaji wakazuia kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria ya kulinda data. Ushindi mkubwa huo. Muulize shangazi kama aliwahi kuusikia. Alichosikia ni 666. Basi serikali ikapata mteremko, kila mwenye swali akaitwa mshirikina.

Na wale wanaotaka serikali ifungie video, subirini kwanza. Mkiwapa kufuli hilo, wa kwanza kufungiwa ni wale wa data. Mimi naidai kampuni: usimsukumie mtu jambo la dawa au kifo ambalo hakuliomba. Mwenye kulitaka alitafute. Hiyo si kazi ngumu ya kiufundi, ila itapunguza dakika, na dakika ndiyo pesa ya matangazo.

Nilizima historia ya kutazama kwenye simu ile, ukurasa wa mwanzo ukabaki mtupu. Nikazima pia video kujifuatanisha zenyewe. Jumapili shangazi akanipigia: mbona mchungaji wake haonekani? Nikamwambia, shangazi, mtafute kwa jina. Akanyamaza kidogo, akasema jina halijui.

Chanjo bado tunabishana. Jumatano napanda tena Mwatate.