Mfupa wa Bandia Usitufanye Tuchelewe

Pikipiki zimerahisisha safari kati ya Musoma, Bunda na Butiama, lakini zimetuletea pia mivunjiko mibaya ya miguu. Mfupa ukitoboa ngozi, baadhi ya familia humpeleka majeruhi kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa. Siku zinapita, usaha unaingia, kipande cha mfupa kinakufa na kuacha pengo. Ndipo tunauliza: je, hakuna mfupa wa bandia?

Upo. Mfupa wetu umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfati. Wataalamu huchanganya unga wa madini hayo na maji ukawa uji mzito, huchovya sponji humo, huikausha na kuichoma katika tanuri. Sponji huungua ikaisha. Hubaki kigae chenye vitundu vinavyopitana. Mfinyanzi ataielewa kazi hii, ila moto wake hufika nyuzi 1200 hivi za Sentigredi, kupita ule wa vyungu vyetu. Siri iko katika vitundu. Vikiwa na upana wa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi, mishipa ya damu hupenya na mfupa mpya huota ndani. Mwaka 1974, nchini Marekani, Della Roy na Sari Linnehan walionyesha kwamba hata matumbawe ya baharini, ambayo tayari yana vitundu, yanaweza kugeuzwa kuwa madini ya mfupa.

Lakini kigae hicho ni kama fito za nyumba zisizokandikwa udongo. Huhitaji mfupa hai pembeni. Penye usaha hakishiki, na kwa kuwa huvunjika upesi, hakibebi uzito peke yake. Ndiyo maana hadi leo madaktari wengi hupendelea mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa nyongani. Ni kweli mifupa ya ng'ombe na ya sangara ina madini hayo hayo, lakini asije mtu akasaga mfupa uliochomwa jikoni akaujaza kidondani. Ataongeza uchafu tu.

Kwa maoni yangu, dawa ya kwanza ni kuwahi. Funika kidonda kwa kitambaa safi, funga mguu kwenye ubao bila kuuvuta wala kuurudisha mfupa, na umfikishe majeruhi hospitali siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mfupa hujengwa kwa miezi mingi, kwa gharama na machozi.