KAZI ZA MIKONO
Mchi uliovunjika wapata kazi karakana



Mwezi uliopita tulishona mifuko ya sokoni kwa vitenge vilivyochakaa. Mwezi huu tunakuomba utufuate mahali ambapo wengi wetu hatuingii ila kupeleka chai. Mahali penyewe ni karakana ya baba.

Sisi tunaishi Bigwa, Morogoro, ambapo milima ya Uluguru huanza kupanda nyuma ya nyumba. Uani kuna banda la mabati, na humo baba watoto hutengeneza meza, viti, vitanda na fremu za milango. Banda hilo ndilo linalotulisha na kusomesha watoto. Hata hivyo, kwa miaka mingi tulikuwa tukifagia tu vumbi la mbao mlangoni tukisema, "Hayo ya ndani ni ya wanaume." Mwaka jana wakati wa kiangazi tulijifunza kwamba ya ndani ni yetu pia.

Huenda si kila msomaji amewahi kuliona jiliwa, kwa hiyo tulieleze kwanza. Jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita klampu, ni chuma kinachobana mbao mbili zilizopakwa gundi hadi gundi ikauke. Lina skrubu nene, na kichwani mwa skrubu pana tundu. Katika tundu hilo hupita kijiti cha chuma kinachoteleza huku na huku. Fundi hushika kijiti hicho akakizungusha, na skrubu ikasonga mbele. Bila kijiti hicho jiliwa zima halina faida.

Jiliwa moja la baba watoto lilikuwa limepoteza kijiti chake. Vifundo vya ncha zake vilikuwa vidogo. Kimoja kiling'oka, chuma kikachomoka na kupotelea katika takataka za randa. Baba watoto, kama mafundi wengi, alitia msumari wa inchi 6 mahali pake na kuendelea na kazi. Msumari ule ulikaa pale miezi mingi. Sisi tuliuona kila tulipopeleka chai, na hatukusema neno.

Jioni moja alikuwa akiunganisha mbao za meza ya watu. Mwenye meza alikuwa aje asubuhi, na malipo ya awali yalikwisha kuliwa. Alipokaza zamu ya mwisho, msumari ulipinda, ukateleza tunduni, na ncha yake ikamchana kiganja kati ya kidole gumba na cha shahada. Tulimfunga kwa kanga tukakimbilia hospitali, akashonwa. Wiki tatu hakushika randa. Mwenye meza alitaka fedha yake, na haki ilikuwa yake. Tulimrudishia kutoka katika ada ya binti yetu aliye shule ya bweni, naye akachelewa wiki mbili kurudi shuleni.

Hasara yote hiyo, mama, ilitokana na kukosekana kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja.

MCHI WA MAMA

Jikoni kwetu, nyuma ya mlango, palikuwa na mchi wa kinu uliopasuka kichwani. Mchi huo mama yetu alitukabidhi siku tulipoondoka kwetu Matombo kwenda kuanza nyumba. Kwa Waluguru, ambao hata ardhi huifuata kwa ukoo wa mama, kitu kilichotoka mkononi mwa mama si kitu cha kutupa ovyo. Hatukuweza kuutwangia wala hatukuweza kuutia motoni, kwa hiyo ulisimama tu pale ukikusanya vumbi.

Siku moja tulipokuwa tukimfungua bandeji baba watoto, jicho letu likauangukia. Mti wake ulikuwa mgumu, umekauka miaka na miaka, na katikati, pale unaposhikwa, ulikuwa umelainishwa na viganja vya mama na vyetu. Tukamwambia, "Baba, tukupe mchi ule utengeneze mshikio wa jiliwa?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama watoto, si mchi wa mama mkwe ule?"

"Ndio wake. Ila mama angependa kuona mkono wako umepona kuliko kuona mchi umesimama nyuma ya mlango."

Kwa kuwa mkono wake ulikuwa haujapona, alikaa juu ya gogo akatuelekeza, nasi tukakata. Kijana wetu wa darasa la sita alishika taa.

VITU VINAVYOTAKIWA

Tafuta bolti ya kitanda kibovu yenye urefu wa inchi 6, ambayo sehemu kubwa ya shina lake ni laini na nyuzi ziko mwishoni tu. Tafuta nati mbili na washa mbili zinazoiingia. Kisha pata kipande cha mti mgumu uliokauka, unene wa sentimita 4 hivi, kama katikati ya mchi, mguu wa stuli iliyovunjika au kipande cha mpini wa jembe la zamani. Utahitaji pia keekee, msumeno, msasa na gundi ile ya kuchanganya ya mirija miwili.

Bolti ipite katika tundu la jiliwa kwa raha bila kuchezacheza. Tundu la jiliwa letu lilipitisha bolti ya milimita 8. Pima lako kabla ya kutafuta bolti.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Toboa kwanza, kata baadaye. Ukikata vipande vifupi ndipo utoboe, vitapasuka mkononi. Funga mti kwenye jiliwa lililo zima, usiushike kwa mkono, kisha toboa katikati kufuata urefu wake. Ndipo ukate vipande viwili, kila kimoja sentimita 3. Vipande hivyo ndivyo vifundo vyako. Vizungushe kingo kwa msasa hadi visikwaruze ngozi.

Kifundo cha kwanza kipitishe kwenye bolti hadi kifike kichwani, kikiwa kimepakwa gundi ndani. Kiache siku nzima kikauke. Siku ya pili pitisha bolti katika tundu la jiliwa. Upande wa pili tia nati moja, kisha washa, kisha kifundo cha pili, kisha washa nyingine, na mwisho nati ya nje. Kaza nati hizo mbili moja kuelekea nyingine, ili kifundo kibanwe katikati yao. Kati ya vifundo vyote viwili ibaki nafasi ya sentimita 7 au 8, mshikio uweze kuteleza huku na huku. Kuteleza huko kuna maana, kwani penye kona nyembamba fundi huusukuma mshikio upande mmoja akapata kuuzungusha.

Sugua mti kwa nta ya nyuki, na kazi imekwisha.

Mtu atauliza, msumari ulikuwa inchi 6, na bolti hii ni inchi 6, tofauti iko wapi? Iko mkononi. Msumari ni mwembamba, kwa hiyo nguvu yote hukaa juu ya mstari mmoja wa ngozi. Tena hucheza tunduni, na hauna cha kuuzuia usichomoke. Vifundo vinene huigawa nguvu ile kiganja kizima, na bolti haina njia ya kutoka.

NJIA NYINGINE MBILI

Ikiwa kijiti cha jiliwa bado kipo lakini kinaumiza mkono, kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vyenye urefu wa kidole. Vilowanishe kwa maji ya sabuni, uvivute juu ya kijiti kila upande, uache vikauke. Vitashika barabara. Kazi hii ni ya dakika chache, na hata mtoto anaweza kuifanya.

Kwa vibanio vidogo vya kazi nyepesi, kifuniko cha dumu la mafuta ya kupikia kinafaa. Toboa katikati upitishe bolti fupi, kichwa chake kikae ndani ya kifuniko. Toboa vitundu vitatu vinne pembeni kwa msumari wa moto, kisha jaza gundi ya kuchanganya iliyotiwa unga wa mbao. Vitundu hivyo ni vya lazima, maana gundi haishiki vizuri plastiki laini ya vifuniko. Ikiingia vitunduni na kukauka ndipo hujifunga. Lakini usimwekee fundi kitu hiki kwenye jiliwa kubwa. Kitavunjika.

TAHADHARI

Usirefushe mshikio kupita kiasi. Sukuma mlango ukiwa karibu na bawaba, kisha usukume ukiwa mbali nazo, utaona jinsi nguvu ndogo inavyofanya kazi kubwa. Ndivyo ilivyo kwa jiliwa. Ukiuongeza mkono wake mara mbili, nguvu inayofika kwenye skrubu huongezeka mara mbili, na skrubu itapinda au chuma kitapasuka usoni mwa fundi. Kwa hiyo pia bomba halivishwi juu ya mshikio ili kukaza zaidi.

Usitumie mti mbichi. Huku kwetu upande wa mashariki wa Uluguru, unaotazama bahari, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Mti uliokatwa Kinole leo una maji tele. Ukiufanya mshikio ukauleta mjini, kiangazi kitaukausha, utasinyaa na kulegea. Kwa sababu hiyo majembe mengi huchomoka mipini yake katikati ya msimu. Ukihitaji mti mpya, mpera wa shambani mwako ni mgumu na wafaa mipini, lakini uache kivulini ukauke miezi kadhaa. Wala usiwatume watoto msituni juu. Msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, nao ndio unaolinda chemchemi za mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam. Kwa mshikio wa kiganja kimoja, mti uliokwisha kufa jikoni unatosha.

Mwisho, usiingie karakana ya mume wako na msumeno bila kumwuliza. Kila fundi anajua kila kitu chake kilipo, hata kama wewe unaona takataka. Muulize, "Baba, ni kifaa kipi kinachokuumiza mkono?" Tulipouliza swali hilo nyumbani kwetu, tulipata jibu refu kuliko tulivyotazamia. Patasi moja ilikuwa imefungwa kitambaa kwa miaka minne. Msumeno mmoja ulikuwa na mshikio uliopasuka. Hakuwahi kulalamika, nasi hatukuwahi kuuliza.

Sasa mchi wa mama umegawanyika. Jiliwa mbili zina vifundo vyake, patasi ina mpini wake, na kipande kilichobaki binti yetu amekichukua shuleni awe anakunjia chapati. Kovu la baba watoto lipo, na mkono wakati wa baridi bado humuuma. Lakini asubuhi tukipeleka chai, hatuishii mlangoni. Tunaingia, tunaangalia nati kama zimelegea, tunazikaza, ndipo tunammiminia.

Mama msomaji, nenda leo karakana, gereji au shambani, utazame mikono ya vifaa inayolisha nyumba yako. Ukiona msumari mahali pa mshikio, usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Na kama una njia yako ya kutengeneza mipini kwa vitu vya nyumbani, tuandikie, tuwashirikishe wenzetu.

Mwezi ujao tutatengeneza stuli ya jikoni kwa mbao za sanduku la nyanya. Kaeni salama.